Paa la Asbesto Halijishushi

Hoja ninayoipinga hapa imezoeleka kiasi kwamba wanaoitoa hawaoni tena haja ya kuitetea. Utaisikia kwenye kikao cha bodi ya shule, kwenye ofisi ya mhandisi wa kaunti, kwa mwenye nyumba za kupangisha, na wakati mwingine kwa afisa wa afya aliyelemewa na kazi. Kwa ufupi inasema: asbesto ni habari iliyopita, mabati yake yakiachwa juu hayamdhuru mtu, na sheria za kuyashughulikia tunazo.

Kabla sijaijibu, niieleze kama wenyewe wanavyoieleza. Wanasema asbesto ya kwenye mabati imechanganywa na saruji, na saruji huzishika nyuzi zake. Bati likiwa zima, nyuzi zinazotoka ni chache mno. Wanasema watu wamelala chini ya mapaa hayo tangu enzi za mkoloni, wakazaa, wakazeeka. Wanasema Kenya imekwisha kukataza asbesto katika ujenzi na kuiweka kwenye orodha ya taka hatari, kwa hiyo mzigo mpya hauingii, na ule wa zamani utapungua wenyewe miaka ikienda. Wanaongeza kwamba serikali zetu zina malaria, kifua kikuu na vifo vya uzazi, na kwamba shilingi inayotumika kushusha paa ambalo halijamuua mtu yeyote ni shilingi iliyonyang'anywa zahanati. Hitimisho lao ni kwamba yaachwe yalipo, yakichakaa yashushwe kidogo kidogo, na vijana watakaoyashusha wapewe barakoa.

Sehemu ya kwanza ni kweli. Bati la saruji ya asbesto lililo zima, lisiloguswa, hutoa nyuzi chache. Kosa liko kwenye kila kinachofuata, na chanzo cha kosa hilo ni kwamba hoja nzima imeandikwa kwa jicho la mtu anayelala chini ya paa. Anayepanda juu yake kwa ujira wa siku hayumo ndani yake hata kidogo. Huyo ndiye ninayemzungumzia.

1. "Tumelala chini yake miaka hamsini na hatujafa"

Uzi wa asbesto ni mwembamba kiasi kwamba jicho halioni ule unaoingia ndani kabisa ya pafu. Ukishaingia, mwili hauwezi kuuyeyusha. Magonjwa yanayotokana nao yanajulikana vizuri: asbestosisi, ambayo ni makovu yanayokaza mapafu hadi mtu anashindwa kupanda ngazi, saratani ya mapafu, ambayo hatari yake huongezeka maradufu na zaidi kwa anayevuta sigara, saratani za koo la sauti na ovari, na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu na tumbo, ambayo karibu kila mara chanzo chake ni asbesto. Kati ya siku ya kuvuta vumbi na siku ya kuugua hupita miaka 10, 20, 40, wakati mwingine 50. Anayesema "hatujafa" anawasemea waliohudhuria kikao. Mafundi walioyakata mabati hayo kwa msumeno katika miaka ya 1960 na 1970 hawakualikwa, na hakuna aliyekwenda kuwatafuta.

Tungejuaje wamekufa kwa nini? Mzee anafika zahanati akiwa na kikohozi kisichoisha na pumzi fupi. Kwetu kitu cha kwanza kudhaniwa ni kifua kikuu, na ni haki kukidhani. Anapewa dawa, anamaliza, hapati nafuu, anarudi nyumbani. Kuthibitisha mesotelioma kunahitaji kipande cha nyama kitolewe mwilini, kipelekwe maabara, na kisomwe na mtaalamu wa patholojia, huduma inayopatikana kwenye hospitali chache kubwa. Hata swali lisilogharimu chochote, kwamba mwaka 1975 ulikuwa unafanya kazi gani, halimo kwenye fomu nyingi za mgonjwa wa kifua.

Hali hii ina mfano wake katika bara hili hili. Huko Kimberley, Afrika Kusini, daktari wa hospitali ya kifua kikuu, C. A. Sleggs, aligundua kwamba kundi la wagonjwa waliotoka upande wa magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya bluu, hawakupona kwa dawa zilizowaponya wengine. Mwaka 1960 yeye na wenzake, J. C. Wagner na Paul Marchand, walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma. Wengine kati yao hawakuwahi kushika sururu. Walikulia tu karibu na machimbo. Asbesto ilikuwa imechimbwa huko kwa miongo mingi, na kwa miongo hiyo yote mtu angeweza kusimama Prieska, mji ulio kwenye eneo la machimbo hayo, na kusema kwa uhakika kamili kwamba haijamuua mtu. Kilichobadilika mwaka 1960 ni kwamba kuna mtu aliangalia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya 200,000 kila mwaka duniani vinavyotokana na asbesto ya kazini pekee. Anayedai kwamba Afrika Mashariki haina sehemu katika hesabu hiyo atuonyeshe daftari alimosoma. Daftari hilo halijaanzishwa.

2. "Ikiachwa ilivyo haina neno"

Ni nani anayeiacha? Paa la nyumba ya mfanyakazi wa serikali lililowekwa miaka sitini iliyopita limepigwa na jua, mvua na upepo wa bahari mpaka saruji ya juu imelika na nyuzi zimeanza kujitokeza. Halafu anakuja fundi wa umeme wa jua anayetoboa matundu ya kufungia paneli. Anakuja wa dishi la televisheni. Embe linaanguka, bati linapasuka. Mwalimu mkuu anataka shule ipendeze siku ya wazazi, kwa hiyo kijana anapandishwa na brashi ya chuma kusugua kuvu kabla ya kupaka rangi, na anasugua siku nzima. Chini ardhini yamo mabomba ya zamani ya maji yaliyotengenezwa kwa saruji ya asbesto. Likipasuka moja, fundi anashuka mtaroni na mashine ya kukatia, na ndani ya mtaro ule hewa haina pa kutokea.

Kisha inafika siku ya kulibadilisha, na siku hiyo itafika kwa kila paa. Namna salama ya kuifanya kazi hiyo inajulikana na si ya kisayansi sana. Bati linaloweshwa kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo ili yapenye. Boliti inakatwa au kufunguliwa, bati halilazimishwi. Bati linashushwa zima, mkono kwa mkono au kwa kamba, linafungwa kwa karatasi nzito ya nailoni mara mbili, linaandikwa onyo. Vumbi lililobaki kwenye mbao na juu ya dari linafutwa kwa kitambaa kibichi au kwa mashine maalumu ya kufyonza, kamwe si kwa ufagio. Nguo za kazi zinabaki kazini.

Sasa tazama inavyofanywa. Boliti zenye ndoano zimeshika kutu tangu zamani, hakuna anayehangaika nazo, kwa hiyo nyundo inapigwa pembeni ya boliti mpaka bati livunjike na kuachia. Vipande vinatupwa chini. Kinapotua kimoja juu ya kingine, wingu jeupe linapanda hadi kiunoni mwa mtu anayevikusanya. Juu, kibarua mwingine anasukuma kwa mguu vumbi la miaka sitini lililolala juu ya dari, likitelemkia darasani. Jioni wanafagia kwa ufagio wa makuti au wa sisali. Kila mmoja anajikung'uta shati, anapanda matatu, anafika nyumbani, na anayeipokea nguo hiyo kuifua ni mke wake au binti yake. Tangu miaka ya 1960 vitabu vya udaktari vina habari za wanawake waliokufa kwa mesotelioma ambao asbesto waliyoivuta ilikuwa kwenye nguo za waume zao.

Kwa hiyo katazo la kujenga kwa asbesto, jambo jema lenyewe, lina upande ambao watetezi wa "iacheni" hawausemi. Linageuza kila paa la zamani kuwa paa la kushushwa. Kazi ya hatari imehama kutoka kwenye kuweka kwenda kwenye kuondoa, na kuondoa huzalisha vumbi jingi kuliko kukaa. Nchi inayokataza bila kupanga nani atashusha, vipi, na chini ya jicho la nani, imewapelekea vibarua hatari hiyo.

3. "Sheria tunazo"

Tunazo kweli. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayompa mkaguzi uwezo wa kusimamisha papo hapo kazi inayohatarisha maisha. Ina Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinazotaka msafirishaji wa taka awe na leseni. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Uganda iliridhia mwaka 1990 Mkataba Na. 162 wa Shirika la Kazi Duniani, uliotungwa mwaka 1986 mahususi kwa asbesto.

Ninachouliza ni sheria hizi zinamkuta wapi yule kijana mwenye nyundo.

Historia ya Uingereza inajibu vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda, Lucy Deane, aliandika kwamba vumbi la asbesto lina madhara. Mwaka 1924 Nellie Kershaw, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha asbesto cha Rochdale, alifariki akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yamejaa makovu. Mwaka 1930 wakaguzi wa viwanda Merewether na Price waliripoti kwamba kati ya wafanyakazi 363 waliowachunguza, zaidi ya robo walikuwa na makovu hayo. Serikali ikachukua hatua, na kuanzia kanuni za mwaka 1931 Uingereza ikawa na sheria ya kuzuia vumbi la asbesto.

Kanuni zile ziliandikwa kwa ajili ya viwanda vinavyotengeneza bidhaa za asbesto. Hazikumfikia fundi aliyefunika mabomba ya mvuke ndani ya meli. Hazikumfikia seremala aliyekata mbao za asbesto kwenye nyumba, wala fundi umeme aliyetoboa dari. Kwa zaidi ya miaka thelathini Uingereza iliweza kusema "sheria tunayo" huku asbesto ikiingizwa kwa wingi zaidi na zaidi, ikitumiwa na watu ambao sheria haikuwataja. Asbesto ya bluu na ya kahawia zilipigwa marufuku huko mwaka 1985, nyeupe mwaka 1999. Bado leo Waingereza wapatao 5,000 hufa kila mwaka kwa magonjwa ya asbesto, na maseremala, mafundi bomba na mafundi umeme ni miongoni mwa walioumizwa zaidi. Hao hao ambao sheria ya 1931 haikuwaona.

Sisi tunarudia kosa hilo kwa namna yetu. Sheria yetu ya mazingira huijua asbesto inapokuwa taka: nani ameibeba, imezikwa wapi. Sheria yetu ya kazi humjua mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi palipoandikishwa. Paa la shule linaloshushwa likizo ya Desemba, kwa siku mbili, na mkandarasi mdogo aliyeokota vibarua kwenye njia panda, halijawa taka na wala si kiwanda. Mkaguzi wa kazi hana habari kwamba kazi ipo. Afisa wa mazingira, akibahatika, atasikia baada ya vipande kufika shimoni. Katikati ya ofisi hizi mbili ndipo vumbi linapovutwa.

Kinachoziba pengo hilo ni taarifa ya mapema. Mkataba Na. 162, kifungu cha 17, unasema kuondoa asbesto kufanywe tu na waajiri au makandarasi waliotambuliwa na mamlaka kuwa wana uwezo, na kwamba mpango wa kazi uandikwe kabla ya kuanza. Kifungu cha 18 kinataka sheria za nchi zikataze nguo za kazi kupelekwa nyumbani. Kifungu cha 21 kinataka wafanyakazi wapimwe afya bila kulipa chochote. Uingereza ya leo inamtaka mkandarasi wa kazi za asbesto zenye hatari kubwa awe na leseni na atoe taarifa siku 14 kabla. Najua nitajibiwa kwamba huko bati la saruji kwa kawaida halihitaji leseni hiyo. Ni kweli, kwa sharti kwamba watu waliofunzwa wanalishusha bila kulivunjavunja. Anayetaka kuazima msamaha wa Waingereza aazime na masharti yake.

Maafisa wetu husema wakaguzi ni wachache, na nawaamini. Lakini uchache wa wakaguzi ni hoja ya kudai taarifa, maana mkaguzi mmoja mwenye orodha ya kazi za wiki hii anafanya kazi ya kumi wasio na orodha. Mhandisi wa kaunti anayepitisha zabuni ya paa jipya anajua, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba paa la zamani litashuka. Akilazimishwa kutopitisha malipo bila hati ya mkaguzi, ameongeza jicho moja bila kuajiri mtu.

4. "Nyeupe haina shida ikitumiwa kwa uangalifu"

Hoja hii haikuzaliwa kwetu. Imeletwa, na walioileta wana bidhaa ya kuuza. Inadai kwamba asbesto nyeupe, krisotili, ni tofauti na ya bluu na kahawia, na kwamba mfanyakazi aliyefunzwa anaweza kuishika bila madhara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaziweka aina zote, pamoja na krisotili, katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hoja ya uangalifu imekwisha kupelekwa mahakamani, tena kwenye chombo kisicho na huruma maalumu kwa wafanyakazi. Ufaransa ilipokataza asbesto kuanzia Januari 1, 1997, Canada, iliyokuwa ikichimba na kuuza krisotili, ilishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani ikidai matumizi ya uangalifu yangetosha. Mwaka 2001 Canada ilishindwa katika rufaa. Waamuzi hawakukubali kwamba uangalifu huo ungeleta kinga ambayo Ufaransa ilikuwa na haki ya kuitaka, na waliotajwa ni watu wa ujenzi: mafundi walio maelfu, waliotawanyika, wanaokata na kutoboa mahali ambapo hakuna msimamizi. Kama uangalifu haukuaminika kwenye majengo ya Ufaransa, nani atauamini kwenye mjengo wa Kitengela au Mbagala?

Canada yenyewe iliendelea kuuza nje huku ikiondoa asbesto kwenye majengo ya bunge lake. Iliipiga marufuku mwaka 2018. Mji wa Quebec ulioitwa Asbestos kwa sababu ya mgodi wake ulibadilisha jina mwaka 2020, ukawa Val-des-Sources. Chini ya Mkataba wa Rotterdam, aina nyingine tano za asbesto zimo kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi lazima iarifiwe kabla hazijaletwa. Krisotili haimo. Tangu 2006, katika kikao baada ya kikao, nchi chache, Urusi na Kazakhstan zikiwamo, zimeizuia, kwa kuwa uamuzi huhitaji wote wakubali. Na kuorodheshwa kwenyewe si marufuku. Ni haki tu ya kuambiwa unaletewa nini. Wanaopinga hata kuambiwa hawawezi kuwa walimu wetu wa uangalifu.

Tazama pia viwango vilivyowahi kuitwa vinakubalika. Mwaka 1971 Marekani iliruhusu nyuzi 12 kwa kila sentimita moja ya ujazo ya hewa ya kazini. Kufikia 1994 kiwango kilikuwa 0.1, sehemu moja ya 120 ya kile cha mwanzo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kushuka hadi 0.01. Aliyefuata kiwango cha 1971 kwa utiifu wote alifuata kitu kilichomuumiza. Na kwetu, kiwango chochote kilichoandikwa bila pampu ya kuvuta hewa pale kazini na hadubini ya kuhesabia nyuzi ni tarakimu tu kwenye karatasi.

5. "Wapeni barakoa"

Barakoa ya hospitali, ile ya rangi ya samawati, haizuii nyuzi za asbesto. Hewa hupitia pembeni. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chochote. Inayofaa ina chujio la daraja la juu kabisa, inakaza usoni, hupimwa kama inamkaa mvaaji, na haimkai mwenye ndevu. Ivae Mombasa au Tanga saa saba mchana, juu ya paa, uone kama utamaliza saa nzima. Ndiyo maana barakoa huja mwisho, baada ya maji, baada ya kutovunja, baada ya kuweka uzio, na kwa zamu fupi. Mwajiri anayeanza na barakoa ameamua kwamba vumbi litakuwepo na kwamba mwenye jukumu la kulikwepa ni kibarua.

6. "Hatuna pesa"

Hii ndiyo hoja inayowanyamazisha wengi, kwa sababu huja na picha ya mjane maskini anayelazimishwa kubomoa nyumba yake. Mjane huyo yupo, na anastahili kusaidiwa na serikali. Lakini tembea kwenye nyumba za zamani za reli, kambi za polisi, hospitali za wilaya, mabweni ya shule na nyumba za watumishi. Mwenye mapaa mengi ya asbesto ni serikali na mashirika yake. Serikali haiwezi kujificha nyuma ya mjane ili ikwepe kusimamia mapaa yake yenyewe, ambayo kila moja linashushwa kwa zabuni iliyoandikwa na watumishi wake na kulipwa kwa kodi.

Na tukiitazama zabuni hiyo tutaona jambo la kusikitisha. Maji, sabuni, nailoni nzito, mkasi wa kukatia boliti, machujio, siku moja ya mafunzo, lori lenye leseni: hivi vinaongeza gharama, ndiyo, lakini gharama kubwa ya kazi ni paa jipya lenyewe, na hilo hakuna anayesema hatuna pesa ya kulinunua. Kinachokatwa ni kile cha kumlinda mtu, maana mtu huyo hana pa kulalamikia. Aliyeweka bei halali ya kushusha asbesto anashindwa na aliyeweka bei ya nyundo. Zabuni isiyotenga fungu la asbesto humwadhibu mkandarasi mwaminifu.

Gharama iliyoepukwa haipotei. Vipande hujazwa kwenye mashimo ya barabara za mtaani, ambako magari huvisaga. Mabati mazima huuzwa tena, yakaezeke banda la kuku au jiko la mama ntilie. Shimo lililozikiwa bila alama litachimbwa siku moja na mtu anayejenga msingi.

Mzito kuliko yote ni mzigo wa ugonjwa. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi; zote mbili hutambua magonjwa ya kazini. Sasa mfikirie kijana wa miaka 22 aliyeshusha paa mwezi uliopita. Alilipwa taslimu. Hana mkataba, hana hati ya malipo, jina lake halikuandikwa popote. Akiugua atakuwa na miaka 55 au 60, kampuni imefungwa, mkandarasi amekufa. Atathibitishaje? Uingereza humlazimisha mwajiri kutunza rekodi za afya za mfanyakazi wa asbesto kwa miaka 40, kwa sababu ugonjwa huchukua muda huo. Bila rekodi, sheria ya fidia haina namna ya kumfikia, na watakaolipa ni mke wake, watoto wake, na shamba litakalouzwa kwa ajili ya matibabu yasiyoponya.

Wanaosema haiwezekani kwa nchi maskini waangalie Rwanda. Serikali ilikwenda ikahesabu mapaa yake ya asbesto, ikaikabidhi Mamlaka ya Nyumba kazi ya kusimamia uondoaji, na ikatenga maeneo ya kuzikia. Tarehe za mwisho zimesogezwa zaidi ya mara moja na wenye nyumba wamelalamikia gharama. Lakini unaweza kuiuliza Rwanda imebakiza kiasi gani. Kenya na Tanzania sijui zingelijibu vipi swali hilo, kwa kuwa hesabu kama hiyo kwao sijaiona.

Ninachodai kinaweza kuanza mwaka huu bila kusubiri bunge: kila kaunti na halmashauri iorodheshe majengo yake ya umma yenye asbesto, kila zabuni ya paa iwe na fungu la kushusha asbesto kwa usalama, pasiwe na malipo bila hati ya mkaguzi, na majina ya wote walioyashika mabati hayo yatunzwe na mamlaka ya kazi kwa miaka 40.

Na wewe uliye kwenye bodi ya shule, kamati ya hospitali au chama cha wapangaji: kabla hamjatia sahihi kazi ya kubadilisha paa, mwulizeni mkandarasi awaonyeshe mpango wake wa kulishusha bila kulivunja, leseni ya atakayelisafirisha, na orodha ya majina ya vijana watakaopanda. Akikosa kimoja, msitie sahihi, na siku hiyo hiyo mpigieni simu mkaguzi wa kazi aliye karibu nanyi.